Mali ya Wanachama: Umiliki wa Pamoja na Uhai wa Klabu za Simba na Yanga Tangu Miaka ya 1930

Mwaka 2016 mfanyabiashara Mohammed Dewji alitangaza nia ya kununua asilimia 51 ya hisa za klabu ya Simba kwa shilingi bilioni 20. Mwaka huohuo mwenyekiti wa Yanga, Yusuf Manji, alipendekeza kuikodi timu pamoja na nembo yake kwa muda wa miaka kumi. Kisheria mapendekezo hayo mawili hayakufanana hata kidogo, lakini yaliibua swali moja: klabu hizi ni za nani, na ni nani mwenye mamlaka ya kumkabidhi mtu mwingine? Mtu wa Kariakoo angejibu bila kusita kwamba ni mali ya wanachama. Kwa mwanahistoria jibu hilo ndipo kazi inapoanzia, kwa sababu linatulazimisha kueleza umiliki huo ulitoka wapi, ulifanya nini kwa miongo minane, na ungepotea tungepoteza kitu gani.

Mjadala uliofuata ulitawaliwa na hoja za fedha. Waliounga mkono uwekezaji walisema, na walisema kweli, kwamba klabu zenye umri wa miaka themanini hazikuwa na uwanja wa kuchezea mechi za ligi, hazikuwa na hesabu za kuaminika, na ziliishi kwa hisani ya matajiri. Waliopinga walizungumzia urithi, wazee waasisi na jasho la wanyonge. Hivyo pande zote mbili zilikubaliana, pasipo kutambua, juu ya dhana moja: kwamba umiliki wa wanachama ni suala la hisia, na uwekezaji ni suala la uchumi. Insha hii inaipinga dhana hiyo. Tunadai kwamba umiliki wa wanachama umekuwa na faida ya kihistoria inayoweza kuonyeshwa kwa ushahidi, nayo ni kudumu. Simba na Yanga zimeishi kuliko karibu kila mtu na kila taasisi iliyowahi kuzilisha, na zimeishi kwa sababu hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuziuza, kuzihamisha wala kuzifunga peke yake. Faida hiyo haionekani katika kabati la vikombe. Inaonekana tunapozilinganisha na timu zilizokuwa na wenyewe wa aina nyingine.

Kabla ya kuendelea, istilahi moja inahitaji kufafanuliwa. Katika lugha ya klabu zetu, shabiki na mwanachama si mtu mmoja. Shabiki, au mpenzi, ni yeyote anayeipenda timu. Hadaiwi ada na hana kura. Mwanachama ameandikishwa, ana kadi, hulipa ada na huingia katika mkutano mkuu. Mtangazaji anaposema "wapenzi na wanachama wa Yanga" hakariri neno moja mara mbili. Tunapozungumzia umiliki wa mashabiki katika muktadha wa Tanzania tunazungumzia, kwa usahihi zaidi, haki ambayo shabiki aliweza kuipata kwa kujiandikisha. Tofauti hiyo itarudi mwishoni mwa insha, kwa kuwa ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika jengo hili.

Chama kwanza, timu baadaye

Young Africans iliasisiwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata ilizaliwa klabu ambayo baada ya kupitia majina ya Queens na Eagles ilijulikana kwa miaka mingi kama Sunderland, na ambayo mwaka 1971 ilichukua jina la Simba. Klabu zote mbili zilikulia Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Simulizi zinazosambaa kuhusu nani alijitenga na nani, na kwa sababu gani, zinapingana mno kiasi kwamba hatuna budi kuziacha zibaki simulizi. Kinachotuhusu hapa ni umbo la kitu kilichoasisiwa.

Vijana wale hawakuanzisha timu tu. Walianzisha chama: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, daftari la majina na mchango wa kila mwezi. Ni rahisi kudhani kwamba umbo hilo liliigwa kutoka kwa klabu za wakoloni, na bila shaka kuna kuiga ndani yake. Hata hivyo, mji wa Dar es Salaam ulikuwa umekwisha kuuzoea utaratibu huo kupitia ngoma ya beni. Utafiti wa Terence Ranger kuhusu beni, uliochapishwa mwaka 1975, ulionyesha jinsi makundi ya Marini na Arinoti yalivyokuwa na vyeo, michango, ushindani na wajibu wa kusaidiana katika dhiki tangu zama za Vita Kuu ya Kwanza. Mtu aliyehamia mjini bila ukoo wake alipata katika chama watu wa kumzika. Kwa mtazamo wetu, klabu ya mpira ya Kariakoo ilirithi zaidi kutoka kwa beni kuliko kutoka kwa klabu za maofisa wa Kiingereza, kwa maana ileile kwamba chama kilikuwa kwanza, na mchezo ulikuwa shughuli ya chama.

Mpangilio huo una matokeo makubwa. Palipo na timu ya mtu, timu hukoma pale mtu anapochoka. Palipo na chama kinachomiliki timu, timu inaweza kufungwa, kushuka daraja, hata kukosa wachezaji, na chama kikabaki kimeketi barazani kikijadili namna ya kusajili wengine. Miaka ya kwanza ya klabu hizi ilikuwa ya umaskini wa kweli. Hakukuwa na mishahara, na vifaa vilinunuliwa kwa kuchangishana. Hatuna haja ya kuipamba hali hiyo. Umaskini huo hata hivyo ulikuwa na tabia moja ya pekee: uligawanywa.

Majengo na mifarakano

Baada ya Uhuru umiliki wa wanachama ulipata mwili wa matofali. Makao ya Yanga katika makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, na yale ya Simba katika mtaa wa Msimbazi, ni mali zilizoandikwa kwa majina ya klabu chini ya wadhamini wake. Simulizi za pande zote mbili zinamtaja Sheikh Abeid Amani Karume kama aliyezisaidia kupata makao, na ni yeye anayetajwa pia kuwahimiza watu wa Sunderland waache jina la kigeni. Tunaona hapa mfano wa awali wa jambo litakalojirudia: mkubwa anasaidia, lakini hati haiandikwi kwa jina lake. Karume aliuawa Aprili 1972. Majengo yakabaki ya wanachama.

Muongo huohuo ulionyesha gharama ya utaratibu huu. Katikati ya miaka ya 1970 mgogoro ndani ya Yanga ulisababisha kundi kubwa la wachezaji na wanachama kujitenga, na kutokana nalo ikazaliwa Pan African. Simba nayo iligawanyika na kutoa Nyota Nyekundu. Wanaoutazama umiliki wa wanachama kwa jicho la usimamizi wa kisasa husoma matukio haya kama ushahidi wa vurugu, na hatuwezi kuwabishia kwamba palikuwa na vurugu. Pan African haikuwa timu ya kubeza. Ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1982. Lakini hebu tuangalie kilichotokea kwa walioachwa. Yanga iliyoondokewa na nyota wake ilichukua ubingwa tena mwaka 1981. Waliojitenga walichukua miguu bora ya timu. Hawakuweza kuchukua jina, jengo wala daftari. Kwa lugha ya sheria tungesema kwamba klabu ilikuwa na nafsi iliyo tofauti na ya wachezaji na viongozi wake. Kwa lugha ya mtaa, Yanga ilikuwa Jangwani, na aliyeondoka Jangwani alikuwa ameondoka Yanga.

Mgogoro mwingine wa Yanga una uzito zaidi kwa mada yetu. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 hoja ya kuibadili klabu kuwa kampuni iliwagawa wanachama katika kambi zilizojulikana kama Yanga Kampuni na Yanga Asili. Mara nyingi tukio hili huelezwa kama kichekesho cha wazee waliokataa maendeleo. Sisi tunaliona kama mjadala wa kikatiba uliofanyika kabla ya wakati wake, bila wanasheria wa kutosha na bila kanuni yoyote ya serikali ya kuuongoza. Yanga Asili hawakueleza vizuri walichokikataa. Lakini kukataa kwenyewe kuliwezekana, na hilo ndilo jambo la kuzingatia. Katika timu ya mwenye mali mmoja hakuna kikao ambamo swali hilo lingeulizwa.

Timu zilizokufa pamoja na wenyewe

Dai kwamba umiliki wa pamoja huleta uhai mrefu haliwezi kuthibitishwa kwa kuzitazama klabu mbili tu zilizobaki hai. Linahitaji kulinganishwa na timu zilizokuwa na umiliki tofauti katika nchi hiyohiyo na zama zilezile. Tanzania inatupatia ulinganisho huo kwa ukarimu wa kusikitisha.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 sehemu kubwa ya uchumi ilishikwa na mashirika ya umma, na mashirika hayo yakawa na timu. Reli ya Morogoro ilitegemea shirika la reli. Pamba ya Mwanza ilisimama juu ya zao lililoipa jina. Bandari ya Mtwara na Ushirika ya Moshi majina yao yanajieleza. Kwa mchezaji wa miaka ya 1980 timu ya shirika ilikuwa chaguo la busara kuliko klabu ya Kariakoo: alipata ajira, mshahara wa uhakika na pengine nyumba. Timu hizi hazikuwa na migogoro ya wanachama kwa sababu hazikuwa na wanachama wenye kura. Meneja wa shirika aliamua, na fungu la fedha likatoka.

Mashirika yalipoanza kurekebishwa na kubinafsishwa katika miaka ya 1990, fungu hilo likakauka. Mnunuzi wa kiwanda au wa bohari hakununua timu. Kama aliikuta kwenye vitabu, aliikuta upande wa matumizi. Reli, Bandari na Ushirika zilitoweka katika ligi kuu. Pamba ilishuka na ikakaa nje kwa zaidi ya miongo miwili hadi iliporudi mwaka 2024 ikiitwa Pamba Jiji, safari hii ikilelewa na halmashauri ya jiji la Mwanza. Mashabiki wa timu hizi hawakuwa wachache wala baridi. Mwenye kumbukumbu za Mwanza ya miaka ya 1980 hawezi kusema kwamba Pamba ilikufa kwa kukosa kupendwa. Ilikosa mahali ambapo wanaoipenda wangeweza kukutana wakiwa na mamlaka, wakaamua kuichangia kama kitu chao. Mapenzi bila hati yaliachwa yakitazama.

Kuna ushahidi unaoweza kutumika dhidi yetu, na ni haki uelezwe. Tanzania Prisons na JKT hazimilikiwi na wanachama, na zipo. Mtibwa Sugar, bingwa wa mwaka 1999 na 2000, ni timu ya kiwanda, nayo ipo. Tukichunguza, hata hivyo, mifano hii inaimarisha hoja badala ya kuidhoofisha: timu ya mwenye mali huishi umri wa mwenye mali, na Magereza, Jeshi la Kujenga Taifa na kiwanda cha Mtibwa vipo. Pingamizi zito zaidi linatoka Tanga. Coastal Union, bingwa wa mwaka 1988, ni klabu ya wanachama, na umiliki huo haukuizuia kushuka daraja wala kuishi kwa tabu. Hapa tunakiri kwamba uanachama peke yake hauleti fedha, na katika mji ambao uchumi wake umeporomoka wanachama huporomoka pamoja nao. Lakini Coastal Union ilishuka na ikarudi kwa jina lake, kwa rangi zake na kwa watu wake. Kushuka si kufa.

Kisha ipo Azam. Timu hii ya kampuni za Bakhresa ilipanda ligi kuu mwaka 2008, ikatwaa ubingwa wa msimu wa 2013/14, na ikajenga uwanja wake Chamazi. Hilo la uwanja halina budi kusemwa kwa sauti. Klabu iliyozaliwa jana ilijenga kile ambacho klabu mbili za wanachama zilishindwa kujenga kwa miaka themanini. Yanga yenyewe imewahi kuutumia uwanja huo kwa mechi zake za nyumbani, huku uwanja wake wa Kaunda pale Jangwani ukimezwa na maji ya mvua. Mwenye mali mmoja anaweza kuamua leo na kuchimba msingi kesho. Yeyote anayeandika kuhusu faida za umiliki wa wanachama bila kukutana na ukweli huu ameandika risala, si historia.

Mfadhili anapoondoka

Ingekuwa upotoshaji pia kudai kwamba Simba na Yanga ziliishi kwa ada za wanachama. Tangu miaka ya 1970 klabu zote mbili zimetegemea watu wenye uwezo: wafanyabiashara waliolipa usajili, kambi na nauli, na ambao neno "wafadhili" liliwahifadhi katika hali ya utata. Hawakuwa wamiliki, lakini kocha aliyetaka kujua hatima yake hakwenda kuwauliza wanachama. Watafiti wanaweza kusema, kwa haki, kwamba umiliki wa wanachama ulikuwa jina na ufadhili ndio uliokuwa kitu chenyewe.

Jaribio la hoja hiyo lilikuja Mei 2017, Manji alipojiuzulu uenyekiti wa Yanga. Klabu iliyokuwa imechukua ubingwa mara tatu mfululizo ilijikuta bila fedha za mishahara. Kama ufadhili ndio uliokuwa klabu, Yanga ingefuata njia ya Reli na Ushirika. Haikufuata. Wanachama na mashabiki walianza kuchangishana. Kocha Mwinyi Zahera, Mkongo, alikuwa miongoni mwa waliohamasisha michango hiyo hadharani, jambo ambalo ni nadra kuliona katika mkataba wa kocha wa kulipwa. Mwezi Juni 2019 michango ilipewa umbo rasmi katika hafla iliyoitwa Kubwa Kuliko. Katika msimu wa 2018/19, katikati ya ukata huo, Yanga ilimaliza ligi ikiwa nafasi ya pili nyuma ya Simba.

Tunalipa tukio hili uzito mkubwa kuliko mataji. Mtu hawezi kuchangia timu ya tajiri bila kujiona mjinga; anaweza kuchangia chama chake. Shilingi elfu moja ya mchuuzi wa Buguruni haikuwa zawadi kwa mtu mwingine. Tofauti hiyo, ambayo katika nyakati za neema haionekani na inaweza hata kuchekwa, ndiyo iliyotenganisha klabu iliyoyumba na timu zilizokufa. Faida ya umiliki wa pamoja ni kama ya tangi la maji juu ya paa: mfereji unapotoka vizuri hakuna anayelikumbuka.

Funzo la Green Bay

Mfano unaotajwa sana duniani kuhusu mashabiki kumiliki timu ya kulipwa ni wa Green Bay Packers, timu ya kandanda ya Kimarekani katika mji wa Wisconsin wenye wakazi wapatao laki moja. Tunauleta hapa kwa sababu historia yake inafanana na ya Kariakoo mahali ambapo wengi hawapatazami, na inatofautiana nayo mahali penye funzo.

Timu ilianzishwa mwaka 1919, na mwaka 1923 ikageuzwa kuwa shirika lisilo la faida kwa kuuza hisa 1,000 kwa dola 5 kila moja. Zama hizo ligi ilijaa timu za miji midogo, na takribani zote zilitoweka au zikahamishwa na wenyewe. Ya Portsmouth, Ohio, kwa mfano, iliuzwa na kupelekwa Detroit mwaka 1934. Green Bay ilibaki, na si kwa sababu ilikuwa tajiri. Ilifikia hatua ya kuwekwa chini ya mfilisi katika miaka ya 1930, ikauza hisa tena mwaka 1935, na ikakaribia kufa mwaka 1949. Hisa za mwaka 1950 ziliuzwa kwa dola 25, zikaleta zaidi ya dola 118,000, na mtu mmoja hakuruhusiwa kuwa na zaidi ya hisa 200. Hisa hizi hazina gawio, na haziwezi kuuzwa kwa faida. Kwa mujibu wa masharti ya awali, shirika likivunjwa fedha zingekwenda kwa tawi la chama cha askari wa zamani ili kujenga kumbukumbu ya mashujaa. Tangu 1997 zingekwenda kwa mfuko wa hisani wa klabu. Busara ya sharti hilo haihitaji kuelezwa sana. Hakuna mtu hai ambaye angenufaika kwa kuiua au kuiuza timu, na kwa hiyo hakuna aliyejaribu. Leo zaidi ya watu laki tano wana hisa.

Hadi hapo ni Kariakoo tupu: umaskini, michango, ukaidi. Tofauti ni mbili. Ya kwanza ni kwamba Packers hutangaza hesabu zake kila mwaka, na ndiyo timu pekee ya ligi ile inayofanya hivyo, kwa kuwa wenye hisa wana haki ya kuzisikia. Ya pili iko nje ya klabu. Mwaka 1961 bunge la Marekani liliruhusu ligi kuuza haki za televisheni kwa pamoja, na timu zikakubaliana kugawana mapato hayo sawa kwa sawa. Bila uamuzi huo mji wa laki moja usingeweza kushindana na New York au Chicago hata ungekuwa na wamiliki waaminifu namna gani. Wanaoisifu Green Bay kama muujiza wa wenyeji husahau jambo hili la pili, na wasomaji wetu wanaofuatilia mkataba wa miaka kumi wa Azam Media wa mwaka 2021, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, wanapaswa kulikumbuka. Umiliki wa wanachama huilinda klabu isiuzwe. Namna fedha za ligi zinavyogawanywa ndiyo huamua kama klabu hiyo itakuwa na wa kushindana nao. Tangu 2001 ubingwa wa Tanzania Bara umetoka mikononi mwa Simba na Yanga mara moja tu, na haiwezekani kulieleza hilo kwa katiba za klabu pekee.

Asilimia 51

Serikali iliingilia mjadala wa 2016 na 2017 kwa kanuni za Baraza la Michezo la Taifa, zilizotaka klabu iliyoasisiwa na wanachama, ikigeuzwa kuwa kampuni, iwaachie wanachama hisa zisizopungua asilimia 51. Dewji aliyekusudia asilimia 51 akapewa nafasi ya 49 kwa fedha zilezile, na mwishoni mwa 2017 akatangazwa mshindi wa zabuni ya Simba. Pendekezo la kuikodi Yanga halikutekelezwa. Klabu hiyo ilipitia njia ndefu zaidi, ikishauriwa na La Liga ya Hispania kwa udhamini wa GSM tangu 2020, na mwaka 2022 ikamchagua Hersi Said, aliyetoka GSM, kuwa rais wa kwanza chini ya katiba mpya. Kwa kulinganisha, Ujerumani ilikuwa imeweka kanuni inayofanana mwaka 1998, inayovitaka vyama mama vya klabu kubaki na nusu ya kura na moja zaidi. Matokeo ya uwanjani kwa klabu zetu yamekuwa mazuri: Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 na Simba mwaka 2025.

Kanuni ya 51 kwa 49 inastahili kupongezwa, nasi tunaipongeza. Ililinda uwezo wa kukataa, ambao kwa ushahidi tuliouona ndio uliozivusha klabu hizi katika kila kipindi cha ukame. Tatizo ni kwamba asilimia 49 zina jina, anwani na mwanasheria. Asilimia 51 ni za "wanachama", na neno hilo linamtaka mtafiti aulize maswali ya kikarani yasiyo na mvuto wowote. Daftari la wanachama liko wapi, na lilihakikiwa lini? Aliyelipa ada mwaka 1985 na hajalipa tangu hapo yumo? Tawi la Mbeya linahesabiwaje katika mkutano unaofanyika Dar es Salaam, ambako nauli peke yake inamzuia mwanachama kupiga kura? Hesabu zilizokaguliwa husomwa mbele ya nani, na aliyezisikia anaweza kufanya nini asiporidhika? Mwaka 1935 vijana wa Kariakoo walikuwa na majibu ya maswali haya, kwa kuwa wote walitosha katika chumba kimoja na mweka hazina alijulikana kwao. Leo wanachama wametawanyika nchi nzima na wengine wako nje yake, na kadi zinauzwa kwa simu.

Hapo ndipo utafiti wa umiliki wa klabu unapopaswa kuhamia: kutoka kwenye hotuba za mikutano mikuu kwenda kwenye madaftari, stakabadhi na kumbukumbu za wadhamini zilizoko Jangwani na Msimbazi, kabla mvua nyingine ya masika haijazifikia.